Nyasi za Jumapili

Jumamosi, 9 Aprili

Mashine imekufa. Ile nyekundu ya petroli, iliyokata nyasi zetu tangu binti yetu Neža yuko darasa la kwanza. Sasa Neža ana miaka thelathini na sita na anaishi nchi jirani, Graz, na watoto wawili! Asubuhi iliwaka dakika tano, ikakohoa, ikanyamaza. Mume wangu Ciril amevuta kamba mara arobaini. Nilihesabu kutoka dirisha la jikoni, kila mvuto na tusi lake.

Vinko, jirani yetu, alikwisha kata zake tangu Alhamisi. Lazima awe wa kwanza kijijini, la sivyo mwaka unamharibikia. Akachungulia juu ya ua: Ciril, unawasha mashine au unakama ng'ombe?

Mwisho akazunguka akaja, maana hawezi kuona mashine ya mtu mwingine asiiguse. Akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena. "Bwana wee, umetia petroli kwenye tundu la oili."

Huyu ni Ciril, aliyetengenezea nusu ya kijiji mashine zao, bure, kwa chupa ya divai. Kisha Vinko akacheka, nami nikacheka. Ciril naye akacheka, ila alichelewa. Alitutazama kwanza midomo yetu, mmoja mmoja.

Shajara hii tulipewa na ushirika wa wakulima mwaka mpya. Sikuwahi kuandika humu ila siku za daktari wa meno. Sijui leo kimenipata nini. Hakuna kitu. Mashine tu imekufa.

Jumanne, 12 Aprili

Mjini Kranj, kununua mashine. Duka kubwa kama uwanja wa ndege, na mashine zimepangwa kama askari. Za petroli, za waya, za betri, na roboti zinazojiendesha zenyewe huku mwenye nyumba amekaa anakunywa kahawa. Ciril alizipita roboti bila kugeuza shingo. Mwanamume anayejiheshimu hakati nyasi akiwa amekaa, ndivyo alivyosema, tena kwa sauti.

Yeye alitaka ya petroli. Mimi ya betri. Nilisema mgongo wako, nikasema harufu kwenye gereji, nikasema kelele. Mashine isiyonguruma ni feni, akasema. Yule dada muuzaji akatuacha tubishane, amezoea. Nadhani wenye ndoa wote wanaoingia pale hutoka na mashine na kununiana.

Ciril akamuuliza, kisu kina upana gani? Sentimita arobaini na sita, bwana. Akaenda akakagua magurudumu. Akarudi: kisu kina upana gani? Arobaini na sita. Akasoma karatasi ya dhamana, yote, mpaka maandishi madogo. Akainua kichwa: dada, na kisu, kina upana gani?

Dada akanitazama. Nikasema masikio yake yamechoka, alifanya kazi kwenye kelele. Uongo! Ciril alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini na minne alipima mashamba ya watu kwenye milima hii, na sauti kubwa aliyoisikia kazini ni ng'ombe.

Tumechukua ya betri. Alikubali ghafla, kama mtu aliyechoka. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko swali.

Jumamosi, 16 Aprili

Kesho Pasaka. Kila mtu anakata nyasi leo, kijiji kizima kinanguruma, kisha tunabeba vikapu vya chakula kanisani vikabarikiwe. Paja la nguruwe, mayai, mronge wa kizungu, ule mzizi unaowasha pua, keki ya jozi. Keki yangu imepasuka katikati, basi.

Mashine mpya ina ufunguo mdogo wa plastiki. Usipouchomeka, kisu hakizunguki hata ufanye nini. Kisha betri, inachajiwa jikoni karibu na mashine ya kahawa. Ciril aliichaji tangu jana mchana na alikuwa anaenda kuitazama kila baada ya muda, utafikiri ni kuku anaatamia.

Vinko, juu ya ua: umewasha au unaisukuma tu, mbona sisikii kitu? Ciril akamjibu, sisi wenye akili hatupigi kelele. Walitaniana hivyo nusu saa. Nilifurahi, nilifurahi sana.

Baada ya chakula, yeye amelala kochini, nikatoka. Mistari yake ni maarufu. Watu walikuwa wanasimamisha magari. Ananyoosha kutoka mlango wa gereji mpaka mti wa tufaha, unaweza kuweka rula. Leo saba imenyooka. Halafu, katikati ya bustani, kipande ambacho hakikuguswa. Kipana kama kitanda. Alipita kushoto, akapita kulia, akamaliza, akasimama akatazama kazi yake akaridhika.

Nimekikata mwenyewe kabla hajaamka. Sijamwambia. Niseme nini?

Ijumaa, 29 Aprili

Neža amepiga simu. Baba hajambo? Hajambo. Anakula? Anakula. Mama, sauti yako. Nikamwambia ni chavua, miti inachanua.

Jumatano, 4 Mei

Kwa daktari, Kranj. Nilimwambia Ciril ni kwa ajili ya presha. Daktari mwanamke, mdogo kuliko Neža, mikono safi. Alimuuliza maswali mepesi kama mtoto wa chekechea. Leo siku gani, bwana? Ciril akatabasamu lile tabasamu lake lililonichukua mimi mwaka sabini na tisa: "Daktari, mimi nimestaafu. Siku zote ni zangu."

Daktari akacheka. Nami nikacheka. Kisha akaandika.

Alinipa jina la ugonjwa nikiwa peke yangu kwenye korido. Sitaliandika hapa. Akanipa na orodha: asiendeshe gari, asipande ngazi, asishike chochote chenye kisu kinachozunguka. Nikamuuliza, hata mashine ya nyasi? Hasa hiyo, mama.

Funguo za gari amenipa jioni hii. Alizitoa mfukoni, akaniwekea kiganjani, akafunga vidole vyangu juu yake. Wa mashine sikuuomba. Sikuweza. Gari anaendea dukani tu, lakini nyasi ni yeye mwenyewe. Mtu akipita barabarani husema kwa Ciril pazuri, hasemi kwetu.

Jumamosi, 7 Mei

Sufuria iliyoungua bado sijaisugua.

Nyasi zilikuwa na unyevu. Nilimwambia ngoja zikauke, akasema ndiyo mama, akaenda. Ananiita mama tangu Neža azaliwe, kama wanaume wote wa huku. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Mlio ukazibwa. Nikatazama nje. Ameinamisha mashine ubavu, amepiga goti, anachokoa nyasi zilizoganda chini yake kwa vidole. Na ufunguo umo! Umo mahali pake, na betri imejaa.

Sikumbuki nilivyofika. Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikachomoa ufunguo. Akaniangalia, sura imejaa mshangao. Mama, vitunguu vinaungua, akasema. Na kweli vilikuwa vinaungua, nilivinusa mpaka pale.

Huyu alimfokea Vinko mwaka juzi kwa kosa hilohilo. Alimfokea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Aliwaambia vijana wote wa mtaa: kwanza zima, kisha ndiyo uguse.

Ufunguo nimeuficha ndani ya mtungi wa maharage. Basi. Yameisha.

Jumatatu, 9 Mei

Hayajaisha.

Ametafuta tangu saa moja asubuhi. Droo zote. Mifuko ya makoti ya baridi. Sanduku la vifaa vyake vya kupimia ardhi, amelimwaga lote sakafuni. Mimi nikatafuta naye. Sikusema uongo. Nilitafuta tu naye, na hiyo ni mbaya zaidi. Nimenyanyua mito ya makochi huku nikijua uko kwenye maharage!

Saa tisa alasiri akasimama uani akaanza kupaza sauti. Vinko! Vinko, nirudishie ufunguo wangu, mwizi wewe, huvumilii mistari yangu! Miaka thelathini unaionea wivu mistari yangu! Watu walisimama barabarani. Vinko alikuwa amepanda ngazi, anarekebisha mfereji wa bati. Akashuka polepole. Akaingia ndani mwake.

Ciril akaketi kwenye ngazi ya mlango akalia. Miaka arobaini na miwili ya ndoa. Alipomzika mama yake hakulia.

Jumanne, 10 Mei

Nimemrudishia. Niseme nini zaidi? Niliuweka kwenye kiatu chake cha bustani auone mwenyewe. Alifurahi! Akaufunga kwenye kamba akauvaa shingoni, na msalaba wa komunyo yake ya kwanza pembeni. Analala nao. Nikigusa kamba anaamka.

Kosa langu. Najua ni kosa langu. Lakini wale wanaotoa orodha hawakai hapa alasiri yote wakimsikia anafungua droo ileile.

Ijumaa, 13 Mei

Ilibidi nimwambie Neža, kuhusu vidole, kuhusu daktari. Papo hapo akaanza kupanga, ndivyo alivyo. Ndani ya saa mbili alikuwa amekwisha agiza roboti. Mama, itakata yenyewe, baba hatahitaji kugusa kitu, tatizo limekwisha. Mwanangu anafikiri tatizo ni urefu wa nyasi.

Jumatano, 18 Mei

Roboti imefika, na fundi wa kutandika waya kuzunguka bustani. Kitu cheusi, kinene, kinatambaa. Kina kibanda chake. Kinatoka, kinakata huku na kule bila mpango wowote, kinagonga mti, kinageuka. Hakuna mstari hata mmoja. Ciril amesimama mikono nyuma, akakifuata bustani nzima. "Mlevi huyu," akasema. "Nani kamwajiri?"

Vinko amekuja kutazama. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya ufunguo. Nilitaka kumwomba radhi, akanikatiza. Jirani Zdenka, hiki nacho kimebatizwa? Maana nasikia kinafanya kazi Jumapili. Nikacheka mpaka nikashika ua.

Ijumaa, 20 Mei

Kila roboti ikitoka kibandani, Ciril anaibeba anairudisha. Kwa upole. Nenda nyumbani kwenu, anaiambia, nenda, watu wako watakutafuta. Leo nilitoka sokoni nikaikuta chali katikati ya ukoka kama kobe, taa yake nyekundu inawaka na inalia pii, pii. Na yeye pembeni ananyoosha mstari wake na mashine yake, kutoka gereji mpaka mti wa tufaha, ufunguo ukiwa mahali pake.

Nimekaa nikamtazama. Niseme ukweli: nilitamani nimwache tu. Alikuwa anapiga mluzi.

Fundi atakuja kuichukua Jumatatu. Neža hajui bado.

Jumapili, 22 Mei

Kwa nini hukumzuia, watauliza. Sikuwahi kufikiri ningehitaji kumzuia.

Saa tatu na nusu. Supu ya nyama ilikuwa jikoni inachemka taratibu, tambi nimezikata. Mimi chumbani natafuta soksi ndefu isiyotoboka, maana misa ni saa nne. Kengele ya kwanza imeshalia. Nikasikia ule mlio mwembamba. Nikasema ni friji. Nikasema ni kitu cha jirani. Nikavaa kiatu kimoja. Nikajua.

Jumapili! Anakata nyasi Jumapili, watu wanakwenda kanisani! Ciril, aliyekosana na kaka yake mwaka mzima kwa sababu alikata majani ya ng'ombe Jumapili na mvua inakuja. Hapa kwetu hakuna sheria inayokataza, hakuna haja ya sheria. Mtu anaweza kumpiga mkewe, kunywa, kukosa misa miaka ishirini. Nyasi za Jumapili hakati.

Nilitoka na kiatu kimoja. Ciril, Ciril, leo Jumapili. Akazima, muungwana, akanisikiliza. Hapana mama, leo Jumamosi, angalia nyasi zilivyo. Nikamwonyesha watu barabarani na nguo zao. Wanakwenda harusini, akasema. Akawapungia mkono.

Hawakupunga. Wengine walitazama njia. Mwanamke wa duka la mikate alisimama kabisa langoni. Akasema si kwa ubaya, najua si kwa ubaya, lakini alisema: hata wale wa chama cha kikomunisti, siku zile, wasiomjua Mungu, walingoja Jumatatu.

Nikamjibu dawa za presha zimemvuruga. Akasema ahaa. Ahaa ya mtu anayebeba habari, na mimi nilikaa dirisha la posta miaka thelathini na minane, ahaa hiyo naijua.

Alimaliza bustani yote. Mstari hata mmoja haukupinda. Sijui kwa nini leo haukupinda.

Misa nimekosa. Supu imekauka.

Jumatatu, 23 Mei

Habari imefika Graz kabla ya kahawa ya asubuhi. Nani kampigia, sijui, Neža amesoma na nusu ya kijiji hiki. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuka kabla hata ya kifo.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema polepole, kama anayenisomea: mama, ama mashine itoke nyumbani, ama baba atafutiwe mahali. Ameshaongea na nyumba ya wazee ya mji wa Škofja Loka, kuna orodha ya kungoja, ameandikisha jina. Atakuja Jumamosi tarehe 11 Juni na gari kubwa. Mashine ataichukua yeye, kama mimi siwezi.

Nikamwambia njoo uione sura yake siku utakapoipakia. Akalia, nami nikalia. Ciril akaingia akauliza nani kafa.

Alhamisi, 26 Mei

Nimejaribu betri. Niliichomoa usiku nikijidai umeme ulikatika. Asubuhi akaiona haina moto, akaichukua akaizungusha nyumba nzima kifuani akitafuta tundu la umeme lenye nguvu. Alifika mpaka kwa Vinko. Vinko akamchajia!

Jumapili, 29 Mei

Mvua. Tangu alfajiri, mvua! Asante Mungu. Tumekwenda misa, suti ya kijivu, mkono kwa mkono. Watu walimsalimia kwa sauti ya hospitali. Yeye aliimba nyimbo zote, beti zote, bila kitabu.

Alhamisi, 2 Juni

Nilikuwa naanika. Vinko akaja upande wake wa ua, anajifanya anakagua majani ya waridi. Vinko hana hata waridi moja lenye afya.

Akasema, jirani, jana Ciril ameniuliza kama Pavla hajambo.

Shuka likanitoka mikononi. Pavla, mke wa Vinko, alikufa miaka minne iliyopita. Ciril alibeba jeneza, mbele kulia. Ciril alikaa na Vinko mwezi mzima, kila jioni, wakicheza karata bila kusema kitu.

Nikauliza, ukamjibuje?

Akasema, nikamwambia hajambo, anasalimu. Vinko alikuwa anachana jani vipande vidogo. Nilisema tu hivyo, jirani, na usinione mwendawazimu, nilijisikia vizuri. Siku nzima. Akauliza anapika nini, nikamwambia anakaanga samaki.

Nikamwambia kila kitu, jina la ugonjwa, orodha ya Škofja Loka, gari la Neža. Hakunipa ushauri. Ndiye mtu wa kwanza asiyenipa ushauri. Akaokota shuka langu, akalikung'uta nyasi, akanirushia juu ya ua.

Jumamosi, 4 Juni

Leo alitakiwa akate. Nilimtayarishia mimi mwenyewe, mashine nje, betri imejaa, nikamwambia kata leo baba, kata sasa, kesho Pentekoste. Nilimbembeleza! Nilifikiri nimepata ujanja: akishakata leo, kesho hatakuwa na cha kukata. Akasema kesho, mama. Leo nimechoka. Akakaa kwenye benchi na ufunguo shingoni akatazama nyasi zikiota.

Jumapili, 5 Juni

Naandika mezani jikoni, madirisha wazi, nguo ya kanisani mwilini. Saa nne kasoro dakika kumi. Ndiyo, anakata. Alianza saa tatu na dakika ishirini.

Nimemwambia mara tatu leo Jumapili. Mara ya kwanza aliniambia umekosea, mama. Ya pili alinibusu kichwani. Ya tatu alikasirika, akaniuliza kama namwona mjinga, na mkono wake ukaenda kwenye kamba ya shingoni. Nikaacha. Nikarudi ndani. Nimekaa hapa tangu hapo, siwezi kwenda misa nimwache na kile kisu, siwezi kutoka nje nisimame naye watu wakipita. Nimekaa tu. Nasikiliza mlio kama wanavyosikiliza pumzi ya mgonjwa, ukizibwa nitakimbia.

Wamepita wengi, sikukuu. Safari hii hakuna aliyesimama. Wanaharakisha. Nadhani hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wamekwisha jua, wamekwisha mpanga mahali pake.

Kisha Vinko alitoka langoni kwake. Shati jeupe, tai nyeusi, kitabu cha nyimbo kwapani. Vinko ndiye sauti nzito ya besi kwenye kwaya, hakuna mwingine wa kumsaidia, na Pentekoste ndiyo siku yao. Nilimwona akisimama. Alimtazama Ciril anavyokwenda na kurudi. Nikaomba, nikaomba kabisa, vidole vimefumbatana: pita tu, Vinko. Usiseme kitu. Pita.

Akageuka akarudi ndani. Nikasema amesahau miwani.

Kishindo! Mashine yake ni ya petroli, ile ya kale, inasikika mpaka altareni. Ikakohoa mara mbili ikashika. Akatokea nyuma ya ua na shati lake jeupe na tai imerushwa begani, anakata nyasi alizozikata juzi, fupi kama ndevu, hakuna cha kukata hapo! Anasukuma tu. Watu barabarani wamesimama midomo wazi. Yeye amenyoosha shingo juu ya ua: "Ciril! Leo umenitangulia, mzee, lakini kumaliza namaliza mimi!"

"Thubutu!" Ciril akasema. Akaongeza mwendo.

Nimelia. Sikujua nalia, niliona ukurasa umelowa.

Ciril amekuja dirishani sasa hivi, ameacha mashine imezima — amezima mwenyewe, kwanza zima! — akaomba maji. Anatoka jasho, anacheka, sijamwona hivi tangu majira ya baridi. Akanywa yote. Akaelekeza glasi upande wa Vinko. "Unaona, mama? Na yeye anakata. Na wewe ulikuwa unanibishia. Leo siku gani?"

Alinitazama. Haikuwa dhihaka. Alitaka kujua. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza mtu anayemwamini.

Miezi miwili nadanganya watu kwa ajili yake. Muuzaji, mwanangu, mwanamke wa mikate. Vitu nimemficha. Lakini kumdanganya yeye usoni, kwa mdomo wangu, sijawahi, tangu tuoane.

Nikasema Jumamosi.

Bega lake likashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilikwambia, akasema. Akanirudishia glasi. Akapiga hatua mbili, akageuka. Basi nitolee ile suti ya kijivu, mama, na uipige pasi. Kesho Pentekoste, sitaki tuchelewe tukakae nyuma.

Amerudi kwenye mashine. Zote mbili zinakwenda, ya kwetu nyembamba, ya Vinko inanguruma. Kengele ya pili inalia na siisikii vizuri.

Kesho ni Jumatatu. Padri atakuwa parokia ya pili, kanisa litakuwa na kufuli. Ataamka saa kumi na mbili, atanyoa, atavaa, atanisubiri mlangoni na kofia mkononi. Na mimi nitamwambia nini? Na Vinko naye tumvalishe suti?

Suti nimeitoa kabatini. Suruali imekunjamana magotini tangu siku ile ya mvua. Nimewasha pasi, naingoja ipate moto.